Nyumba Haikuchoka

Habari za kufa kwa Yustina zililetwa kwangu Mbeya na dereva wa lori la viazi. Alizisema huku akikaza kamba za turubai, kama mtu anayetoa taarifa kwamba Makambako kumenyesha. Yustina alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu Kasiani. Nikapanda basi, nikafika Iringa jioni, nikalala mkekani na wanawake wengine wa msiba. Asubuhi, kabla ya kwenda kuzika, Galus akasimama kusema machache juu ya marehemu. Galus huyu ni baba mdogo wa mume wangu. Siku hizi ni mzee kabisa, ni mtu wa mstari wa mbele kanisani, akiingia mahali watu wanampisha kiti. Akasema Yustina alikuwa na bahati tangu usichana wake, maana mwaka ule nyumba ilipoanguka alitolewa chini ya udongo akiwa mzima. "Nyumba ilikuwa imechoka," akasema, "nasi tulikuwa hatujui." Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na masufuria, nikauma upindo wa kanga. Nilikuwa ndani ya nyumba ile. Shule niliishia darasa la pili na mengi siyajui, lakini hilo la nyumba kuchoka silikubali. Punda huchoka. Mwanamke anayetoka kisimani huchoka. Nyumba ile ilichoshwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu kavaa koti.

Nilizaliwa na nani na wapi, hayo nayaacha. Mwaka ninaousema ni katikati ya ile miaka ya hamsini, Uhuru ukiwa bado unasemwa kwa kunong'ona. Kasiani alikuwa utingo wa lori lililokuwa likipeleka mahitaji Chunya kwa wachimba dhahabu, akanioa Mbeya, akanileta kwao vilimani nje ya Iringa, upande wa Tosamaganga, akakaa nami mwezi usiotimia kisha akarudi kwenye lori lake. Akaniacha na mama yake na dada yake katika nyumba ya tembe. Asiyeijua tembe afikirie hivi: nyumba ndefu ya miti na udongo, haina mgongo wala nyasi juu, paa lake ni bapa kama meza. Ndani kuna nguzo, juu ya nguzo boriti, juu ya boriti mapao, juu ya mapao fito zilizobanana, na juu ya fito udongo, mwingi, uliokanyagwa hadi ukawa sakafu. Kwetu Unyakyusa nyumba zilikuwa za mianzi, na paa la nyasi limesimama wima kama mtu aliyevaa kofia ndefu. Juu yake hukai wewe wala kuku. Hapa nilikuta watu wameanika mahindi juu ya vichwa vyao, na maboga, na wazee wamepanda huko kuota jua.

Mama mkwe wangu aliitwa Agnesi. Alikuwa mnene, mfupi, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni kikachelewa kufika mdomoni, kwa hiyo ulimwona anatikisika kabla hujasikia kitu. Siku yangu ya tatu pale alinikabidhi ungo akaniambia nipande juu nikageuze mahindi. Nikagoma. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili zilimchekesha. Ya kwanza, niliogopa kutumbukia. Ya pili, kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia vichakani, jina lake halitamki, chakula chake hampelekei kwa mkono wake. Baba mkwe mwenyewe alishafariki, lakini Galus, mdogo wake, alikuwa amehamia chumba cha mwisho cha nyumba ileile, na kwa desturi yetu huyo ni baba mkwe vilevile. Sasa mimi nipande juu nikanyage kichwani mwake?

"Yeye yuko chini, wewe uko juu, katikati kuna udongo wa baba yake na babu yake," mama mkwe alisema. "Unadhani ataona nini, nyayo? Panda, mwanangu. Nakuja nyuma yako. Likinibeba mimi hili, wewe litakuona kama kuku."

Tukapanda ngazi ya mti, yeye akihema nyuma yangu. Juu nilinyata kama mtu aliye juu ya barafu ya asubuhi kule Uporoto. Akanishika mkono, akaniambia nisimame katikati, hapo chini yake ilipo nguzo ya kati, kisha nisogee mbali nayo kidogokidogo, nione tofauti kwa nyayo zangu. Ni kweli. Juu ya nguzo ilikuwa kama kusimama mwambani. Mbali nayo, palikuwa na ulaini mdogo, kama mgongo wa ng'ombe anayejisogeza. "Hapo linakupima," akasema. "Likishakupima linakushika." Tukageuza mahindi pamoja, na milima yote ya Uhehe ikiwa imekaa kutuzunguka, na toka siku ile kazi ya kupanda juu nikaipenda kuliko zote.

Lakini desturi yangu sikuiacha. Kila Galus alipoingia chumba kikubwa nilikimbilia nyuma ya kihenge. Kihenge chao kilikuwa ndani, kwenye kona, kikubwa kupita mtu, kimesukwa kwa fito za mianzi na kukandikwa udongo, kimejaa mahindi hadi shingoni. Kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Nilijibana hapo mpaka aondoke. Yustina alikuwa wa rika langu, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, ulimi haulali. Aliwaambia majirani kisimani, "Kaka yangu hana mke. Wifi yangu kaolewa na kihenge." Nao wakawa wananisalimu, "Kamwene, mama Kihenge! Mume hajambo?" Nilinuna wiki nzima, halafu siku moja nikajikuta najibu, "Hajambo, ameshiba," tukaanguka kucheka ndoo zikamwagika. Hapo ndipo Yustina alipokuwa ndugu yangu. Alijifunza kupika mbalaga, ndizi za kwetu, kwa ajili yangu, akizikosea kila mara, akizikaushia moto mpaka zikanuka, na mimi nikizila zote huku nimefumba macho.

Jumapili alikuwa akija Benedikto. Mama yake na mama mkwe ni mtu na dada yake, naye alikuwa mwalimu kijana kwenye shule moja ya misheni, mwembamba, shati limefungwa hadi kooni. Alikuja kwa miguu baada ya misa, na mama mkwe alimwekea ugali, maharage na mboga za maboga zilizoungwa kwa karanga. Akishakula alipenda kutufundisha sisi wanawake chochote alichosoma juma lile, maana watoto wa shule, alisema, hawaulizi maswali. Siku moja, Galus akiwa ameketi kizingitini na kibuyu chake, mimi nyuma ya kihenge nachungulia, Benedikto aliweka kitabu cha sala juu ya kigoda akauliza kwa nini hakianguki.

"Si kiko juu ya kigoda," Yustina akasema.

"Na kigoda kinafanya nini?"

"Kimekaa tu."

"Hakikukaa tu. Kinakisukuma kitabu kwenda juu."

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Beni, wale mapadri wanakunywesha nini kule?"

Benedikto hakukasirika. Alitoka akarudi na ufito mbichi, akaulaza juu ya mafiga mawili yaliyopoa kama daraja. Akaweka kiboga kidogo katikati. Ufito ukapinda kidogo ukatulia. "Kwa nini umeacha kupinda?" akauliza. Akasema kiboga kinavutwa chini, na ufito, kwa kule kupinda kwake, unakisukuma juu. Ukishafika kiasi kinacholingana na uzito wa kiboga, unaacha kupinda, vimeshikana, vimetulia. Akaweka kiboga kikubwa zaidi. Ufito ukapinda zaidi. "Umeongezewa, nao umeongeza," akasema. Kisha akatuambia kwamba na kigoda hupinda hivyohivyo, na meza, na hata jiwe, ila kidogo mno macho yetu hayaoni. Hakuna kitu chini ya kitu kingine kinachokaa bure.

Mama mkwe alishaanza kutikisika. "Mimi na makalio yangu haya, kigoda kinanisukuma?"

"Kinakusukuma, mama mkubwa, sawasawa na unavyokigandamiza."

"Mbona sijaruka hadi darini?"

"Kwa sababu kinakupa kiasi chako tu. Hakizidishi."

Hapo kicheko chake kikafika mdomoni, akapiga mapaja, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa na rafiki mwaminifu na hajawahi kumshukuru, akakipigapiga kigoda mgongoni kama anayembembeleza mtoto. Mimi nyuma ya kihenge nilicheka hadi vumbi la mahindi likanipalia. Yustina akachukua kiboga kile kikubwa akakidondosha juu ya ufito kutoka juu badala ya kukiweka, ufito ukakatika, kiboga kikabingirika hadi miguuni mwa Galus. Benedikto akasema naam, kitu kikianguka juu ya kingine kinadai zaidi kuliko kikiwekwa taratibu, na kila mti una mwisho wake. Galus alikirudisha kiboga kwa mguu. Alikuwa amesikiliza yote. Nakumbuka alisema, "Kwa hiyo kupinda ndiko kubeba," na Benedikto, kijana wa watu, akafurahi kuwa mtu mzima ameelewa, akasema, "Hasa, baba. Kupinda ndiko kubeba."

Nimekaa kwenye viti vingi tangu siku ile, vya watu na vyangu mwenyewe, vitanda vya hospitali, mabenchi ya mahakama, na sijawahi kukaa hata kimoja bila kumkumbuka mama yule akikishukuru kigoda. Watu husema nina uchungu. Ninao. Ila wasidhani mwaka ule ulikuwa wa uchungu. Ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote, na ndiyo maana siwezi kumwachia aliyeuharibu.

Mvua zilipokaribia, mianzi ikaanza kutoa ulanzi, na Galus akapata wazo. Ulanzi kila mtu alikuwa nao. Kitu ambacho hakikuwepo kijijini ni mahali pakavu pa kuunywea. Akataka chumba kikubwa kiwe kilabu. Tena alikuwa amekwenda Iringa mjini akaona baa ya Mhindi mmoja yenye ukumbi wazi, watu wanaonana toka ukuta hadi ukuta, akarudi akisema nguzo ya kati inamzuia mtu kumwona mwenzake, na ulevi wa kutazama nguzo ni ulevi wa kishenzi. Mama mkwe alikataa. Galus akasema nyumba ni ya kaka yake, na mjane ni mgeni. Akamwita fundi Tarasisi. Huyu Tarasisi namtaja kwa jina lake kwa sababu alijua. Aliizunguka ile nguzo, akaigonga kwa mpini wa shoka, akasema, "Hii imebeba boriti yote, mzee." Galus akamwambia kilabu kitamnywesha masika yote. Basi akaikata. Nguzo ilitoka ikiwa nzito, ngumu, haina hata tobo la mchwa, akaipasua wakaifanya benchi la wanywaji.

Jumapili iliyofuata Benedikto alifunga uzi toka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, tukaona wote: boriti ilikuwa imeshuka katikati, pale pembeni unapitisha ngumi mbili kati ya uzi na mti, lakini katikati mti umeugusa uzi na kuusukuma. Akamwita Galus. Nilikuwa mahali pangu.

"Imepinda," Benedikto akasema.

"Naiona. Inabeba," Galus akajibu. "Si ulitufundisha mwenyewe? Kupinda ndiko kubeba. Mti usiopinda ndio wa kuogopa."

"Unabeba mpaka pale usipoweza, baba."

"Na pale ni wapi?"

Benedikto akautazama uzi. Alikuwa mkweli mno, ndiyo ilikuwa dosari yake. "Hapo sijui," akasema. "Ila udongo ukinywa mvua unakuwa mzito mara—"

"Hujui. Basi mwalimu, ukijua uje uniambie." Akaukata uzi kwa kidole, akatoka.

Sasa mimi nifanyeje? Kumsemesha siwezi. Lakini kwetu pana njia. Mkamwana mwenye neno kwa mkwewe huliambia kitu, mkwe akiwa anasikia. Asubuhi yake nilisubiri Galus aketi uani na mbwa wake, nami nikaenda kwenye kinu nyuma ya ua wa mabua, nikaanza kutwanga, nikasema kwa sauti: "Wewe kinu, unasikia? Nyumba ya watu imeondolewa mguu. Mvua inakuja. Mimi nalala humo, na mama analala humo, na Yustina. Mwenye nyumba angeturudishia mguu wetu, kinu, tungemwimbia."

Kisha nikamsikia Galus, taratibu kabisa, akimwambia mbwa wake. Mbwa huyo aliitwa Wamesema. "We Wamesema, umesikia? Kinu kimetoka Mbeya na maneno. Kiambie kinu kitwange. Kikiogopa paa, kwao kuna nyasi."

Yustina, aliyekuwa akichambua maharage, akaropoka, "Baba mdogo, mbwa anasema hata yeye siku hizi analala nje!" Akarushiwa ndara. Tulicheka, ndiyo, tulicheka na siku ile. Lakini neno langu lilifika. Naliandika hapa ili ijulikane lilifika.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na haya. Paa lilikunywa likavimba. Mama mkwe alikuwa na kanuni ya mama yake: udongo mpya unapandishwa kiangazi tu, na kwanza unakwangua ule wa zamani, usije ukalibebesha paa vizazi viwili. Ila kilabu kilikuwa kimeanza kuvuja juu ya wanywaji, na mnywaji akidondokewa anahama. Jumamosi moja mchana, mvua ikiwa imepumzika kidogo, Galus akawaambia wanywaji watakaopandisha udongo watakunywa mpaka jioni. Wakachota udongo bondeni, umelowa, unang'aa, wakaumwaga juu ya ule wa zamani. Kisha wakaanza kuukanyaga wakiimba, kama inavyofanywa miaka yote kiangazi, wanaruka pamoja wanatua pamoja. Wengine walikuwa wamebaki chini ndani, wanakunywa na kuwaitikia wimbo.

Ndani udongo ulianza kutudondokea kila walipotua. Mama mkwe alikuwa akitazama juu. Aliweka chini mwiko, akachukua ufagio, akaingia kilabuni, nasi nyuma yake, akaanza kuwachapa wanywaji. "Tokeni! Toka, wewe! Na kibuyu chako, toka!" Wanaume wazima wakawa wanakinga vichwa na kucheka, mmoja anasema, "Mama Agnesi leo umeamkaje?" na yeye anamchapa masikio, "Nimeamka vizuri, toka!" Galus akashuka toka juu, akaingia mbio kuuliza ni nani anamfukuzia watu. Nami nilipomwona tu, miguu yangu ikafanya kama ilivyozoea: nikajibana nyuma ya kihenge. Yustina akanifuata, akanivuta mkono, "Wifi wewe, leo si siku ya adabu, twende nje!" na hakumaliza.

Sauti ya paa lile siwezi kuieleza. Kwanza ulikuwa mlio mkavu mmoja, kama kuni inayopasuliwa. Galus aliusikia, naye alikuwa wa kwanza kutoka, nilimwona mgongo. Mama mkwe alikuwa amemshika shati mlevi wa mwisho, anamsukumia mlangoni, akamrusha nje kwa mikono miwili. Halafu giza na uzito. Boriti ilishuka na mapao yake na udongo wote, ikaja ikaegemea juu ya kihenge, na kihenge kikalia, fito zikapasuka ubavuni, mahindi yakaanza kututiririkia miguuni, lakini hakikulala. Kilikuwa kimejaa. Punje zilikuwa zimebanana, kila moja inaisukuma mwenzake, na zote kwa pamoja zikaisukuma boriti juu, kiasi chake, mimi na Yustina tukiwa chini yake tumekumbatiana kwenye nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Alikuwa akinong'ona sikioni mwangu, "Mama. Mama yuko wapi. Mama." Nami nikamwambia uongo kwamba nimemwona ametoka.

Wale wa juu waliporomoka na udongo wakatoka na michubuko, na wale aliowachapa mama mkwe kwa ufagio ndio waliochimba. Walichimba kwa majembe, kwa mabati, kwa mikono. Walitutoa sisi kwanza. Yeye walimtoa jioni, kizingitini, mikono yake bado imeelekea nje.

Benedikto alifika siku ya pili akakaa chini kando ya kile kihenge kilichopasuka, akashika mahindi mkononi, akayaachia, akashika mengine. "Sikujua pale ni wapi," alisema. "Ningemdanganya. Ningemtajia siku yoyote." Nilimwambia hata angetajiwa saa, Galus angemuuliza dakika. Ndiyo mara ya kwanza nilitamka jina lile, nikashtuka mwenyewe. Kisha akaja Jumbe Kapelele kuchunguza. Huyu naye namtaja. Alikuta benchi limewekwa kivulini, akakalishwa juu yake, juu ya nguzo yenyewe, akapewa kibuyu. Galus akaeleza kwamba nyumba ilikuwa ya zamani, imechoka. Fundi Tarasisi alikuwepo, akatazama vidole vya miguu yake. Yustina akasimama aseme, wakamwambia msichana aliyefiwa hana akili sawasawa, akalie kwanza. Jumbe akasema nyumba imechoka, amri ya Mungu, akanyanyuka. Kasiani alipokuja tulihama, tukarudi Mbeya, na Iringa nikawa nakwenda kwa misiba na arusi tu, na Galus nikimwona ninapita njia nyingine, safari hii si kwa adabu.

Makaburi yako juu ya kilima, nyuma ya shamba la mahindi, udongo wake mwekundu, na siku tunamzika Yustina ulikuwa umelowa. Tulipomaliza, watu walishuka haraka kuwahi chakula na mvua. Mimi nilibaki kusawazisha maua, maana Yustina alipenda mambo yaliyonyooka. Nilipogeuka nikamkuta Galus peke yake katikati ya mteremko, fimbo imezama, mguu mmoja unateleza anaurudisha, unateleza tena. Vijana waliompandisha walikuwa wameshafika bondeni.

"Nani huyo?" akauliza, macho yake hayaoni mbali. "Nishike, mwanangu. Ardhi inanikataa."

Nikasimama. Toka niolewe sijawahi kumsemesha uso kwa uso wala kumgusa. Nikamwendea, nikampitisha mkono wangu kwapani, nikakita kisigino udongoni.

"Ni Tumpe," nikasema. "Mke wa Kasiani."

Nilihisi mwili wake wote ukikaza. "Hujawahi kuniita," akasema.

"Leo nakuita. Galus. Tushuke au tusishuke?"

"Tushuke, mama. Nitaanguka."

"Nani alitoa nguzo?"

Chini bondeni walikuwa wanapakua wali, sauti zinatufikia. Manyunyu yakaanza. Akajaribu kupiga hatua mwenyewe, mguu ukamtoroka, akaniangukia begani na uzito wake wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mzito. Alikuwa mwepesi kama mtoto mgonjwa. Nikambeba kiasi chake, sikusogea mbele wala nyuma.

"Mimi," akasema.

"Ulitoa nini?"

"Nguzo. Beni aliniambia. Tarasisi aliniambia. Na wewe uliniambia, nilikusikia." Akaukaza mkono wake begani kwangu. "Niliogopa kusema. Halafu nikazoea."

"Akafa nani?"

"Agnesi," akasema. "Agnesi alikufa."

Nikamshusha. Nilitangulia upande wa chini ili akiteleza anikute, tukaenda kwa hatua za kando, ananiegemea, nami namshikilia, kama watu wanaopendana. Mtu asisome hapa akadhani nimemsamehe. Sikumsamehe, na sidhani nitaweza. Tulipofika uani nikaomba aletewe kiti, nikamkalisha, nikamfunika mabega kwa kanga yangu maana alikuwa amelowa. Kisha, watu wakiwa na sahani zao mikononi, watoto wa Yustina wakiwa mbele, nikawaambia alichoniambia kilimani, neno kwa neno, yeye akiwa amekaa palepale anasikia.

Wakamgeukia. Hakukana.